Sare za Kaaga na Kidole cha Mpiga Mishale

Niseme mapema kwamba hadithi hii imenikera kwa miaka mingi na bado inanikera. Si hadithi yangu. Ni ya Wahindi, ya kale kabisa, kutoka katika zile tenzi zao ndefu za wafalme na vita ambazo wenyewe huzisimulia kana kwamba mambo yalitokea juzi mtaa wa pili. Mimi niliisikia mjini Meru, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimeinama juu ya tundu la kifungo, na aliyeisimulia hakujua kwamba ananitafutia ugomvi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimepanda kutoka kwetu Ishiara, kule Embu ya chini ambako jua halina adabu, nikaajiriwa na fundi mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka juu kidogo ya Makutano. Zamani Fundi alishona suti, lakini nilipofika mimi suti zilikuwa zimekufa. Mitumba ilikuwa imeingia kwa marobota, soko la Gakoromone limefunikwa na nguo za watu wa nje, na hakuna aliyekuwa na haja ya kupimwa kiuno tena. Mitumba ilimaliza suti, ikamaliza magauni, ikamaliza mashati. Kitu kimoja tu haikuweza kukigusa, nacho ni sare za shule, kwa sababu hakuna Mzungu aliyewahi kuvaa gauni la cheki la shule ya Kaaga akalichoka akalitupa. Fundi aliyeshona sare alikula. Wengine tuliwasindikiza waliokuwa wakila.

Kazi yangu ilikuwa matundu ya vifungo, vifungo vyenyewe, pasi, na ufagio. Wanaume wawili waliendesha vyerehani. Kukata kulikuwa kwa Fundi peke yake. Mkasi wake ulining'inia kwenye msumari juu ya meza, mweusi, mzito, na hakuna aliyeugusa hata kwa kuupangusa vumbi. Akitaka kukata alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki, kisha akaipa meza kifua na sisi akatupa mgongo. Ungedhani anakula nyama na hataki kuombwa. Nami nilichokitaka duniani wakati ule ni hicho tu, kujua kukata. Anayejua kukata ana kazi popote. Anayejua vifungo ana kazi mpaka mwenye mkasi atakapomchoka.

Nilimwomba anifundishe, mara tatu. Mara zote tatu alinijibu kwa hadithi.

Na hadithi alizijua. Alizaliwa Meru, baba yake alizaliwa Meru, na Kimeru chake kilikuwa kimenyooka kiasi cha kunitia aibu, maana mimi nilikuja na Kimbeere changu na kila nikifungua mdomo alicheka. "Mwari," aliniita, yaani binti, "sema tena hiyo neno, nataka kusikia vile watu wa mbuzi wanaisema." Alisimulia za kwao kwa Kimeru, mkasi ukienda, na wafalme wake wote walizungumza kama wazee wa Igembe wanaogombania mpaka wa shamba. Nilizipenda. Hilo pia niliseme, kwa sababu nisingezipenda nisingekasirika hivi.

Kulikuwa na ile ya mfalme aliyecheza kamari akapoteza ng'ombe, akapoteza nchi, akapoteza ndugu zake, akajipoteza mwenyewe, halafu, akiwa tayari ni mtumwa wa mtu, akamweka mkewe mezani akampoteza naye. Malkia aliburutwa kwa nywele mbele ya wazee, naye akawauliza swali moja: mume wangu alijipoteza yeye kwanza, au mimi kwanza? Kama ni yeye kwanza, aliwezaje kunitoa mimi na yeye mwenyewe ni mali ya mtu? Wazee wakatazama chini. Mke wa Fundi, ambaye alituletea chai saa kumi na kukaa nasi kidogo, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kavu, "Mpaka leo hawajamjibu." Alisema akimtazama mumewe. Nikajua kwamba hata ndani ya nyumba ile hadithi hizo hazikuwa zimetulia.

Lakini iliyonikera kuliko zote ni ya mpiga mishale.

Kijana wa msituni, mtoto wa watu wasiohesabiwa, alikwenda kwa mwalimu mkuu wa upinde aliyefundisha wana wa mfalme, akaomba naye afundishwe. Mwalimu akauliza ni mtoto wa nani, akasikia jibu, akamfukuza. Kijana akarudi msituni, akafinyanga sanamu ya yule mwalimu kwa udongo, na kila siku akapiga mishale mbele yake kana kwamba inamwona. Miaka ikapita. Siku moja wana wa mfalme wakaja kuwinda, mbwa wao akamkuta kijana akaanza kumbwekea. Kijana, bila kumtoa hata tone la damu, akamjaza mishale mdomoni mpaka akanyamaza. Mbwa akarudi kwa wenyewe na mdomo wake umejaa. Nani anajua kupiga hivi? Wakamtafuta, mwalimu akiwa pamoja nao. "Nani amekufundisha?" Kijana akainama. "Ni wewe," akasema, akaonyesha sanamu. Sasa mwalimu alikuwa amemwahidi mwanafunzi wake kipenzi, mwana wa mfalme, kwamba hakuna atakayemshinda kwa upinde, na kipenzi amesimama pale amenuna. Basi mwalimu akasema, "Kama mimi ni mwalimu wako, ada yangu iko wapi?" Kijana akasema, "Sema unachotaka." "Kidole gumba cha mkono wa kulia." Kijana akachomoa kisu, akakikata, akampa.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini? Imeisha," akasema Fundi.

Nilimwambia kwamba hiyo si hadithi, ni wizi. Nilimwuliza mwalimu alifundisha nini pale, udongo ndio uliofundisha, angeenda kudai udongo. Nilimwuliza kwa nini kijana hakukimbia, msitu ulikuwa wake, mishale ilikuwa yake, na hakuna mtu aliyemshika mkono. Wale wanaume wawili waliacha kuendesha vyerehani ili wasikie vizuri.

"Mwalimu ni mwalimu," Fundi akasema. "Kijana alishinda. Jina lake linatajwa mpaka leo."

"Jina halivuti upinde, mzee."

Akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Tangu siku hiyo, kila nilipomkasirisha, alinyoosha kidole gumba akanionyesha. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa nimemchukia yule kijana kuliko nilivyomchukia mwalimu. Mwalimu nilimwelewa, wako wengi. Kijana sikumwelewa hata kidogo.

Na cha kuudhi ni kwamba wakati nikimtukana hivyo, tayari nilikuwa nafanya alichofanya yeye.

Vipande vilivyobaki Fundi alipokata vilianguka chini, nami ndiye niliyefagia. Nilimwomba nivichukue nikajaze mto. Akasema chukua. Chumbani kwangu, Jumapili baada ya kanisa, nilivimwaga sakafuni nikaanza kuvipanga. Vilikuwa vya cheki, na mistari ya cheki inakuambia ukweli: kipande hiki kilikaa na hiki, mstari wa bluu unafuata wa bluu. Ukivipanga vyote kama vilivyokuwa kabla ya mkasi, linabaki pengo katikati, na pengo hilo ndilo gauni. Kuna siku nilikaa na pengo la bega kutwa nzima. Nililipima kwa uzi, nikalichora kwenye magazeti, nikakosea, nikalichora tena. Ilinichukua mwaka na miezi kadhaa kuupata mkono, kola na kiuno. Fundi hakunifundisha chochote. Nilifundishwa na alichokitupa.

Desemba nilikwenda nyumbani, nikamkuta mama akipepeta ndengu. Nilimsimulia hadithi ya mpiga mishale kwa Kimbeere, nikitegemea aniunge mkono.

"Huyo mwalimu alikuwa amemfundisha nini?" akauliza.

"Hakumfundisha kitu."

"Basi alikuwa analipwa ya nini?" Akapepeta tena. "Na mama ya huyo kijana alisema nini?"

Nikamwambia mama hayumo kwenye hadithi.

"Ati hayumo? Mtoto ameamka asubuhi na vidole kumi, amerudi jioni na tisa, na mama hayumo?" Alikasirika kwelikweli. Akaacha ndengu. Akasema mama huyo aliona mkono umefungwa kitambaa, akadhani ni panga, akauliza, na alipojibiwa alikwenda mpaka kwa mwalimu na mwiko wa ugali, watu wote wakiona, akamwambia rudisha. Tulicheka. Tuliitengeneza hadithi yote upya pale uani, mama akimpa yule mama maneno ambayo siwezi kuyaandika, naye ni mtu wa kanisa.

Halafu akarudia ndengu zake, akasema kwa sauti nyingine, "Lakini kama ni mambo ya chuma, hapo siingii."

Lazima nieleze. Kwetu mhunzi, muturi, aliogopwa. Kijana aliyejifunza kwake hakuwasha moto wake mwenyewe mpaka mhunzi amwachilie kwa kinywa chake. Mhunzi akitaka kumfunga mtu asifanye jambo, alilitamka kisha akagonga nyundo juu ya fuawe mara moja. Likishagongwa limefungwa, na hakuna wa kulifungua ila aliyeligonga. Mama alimjua mtu aliyepuuza, chuma chake kikakataa kushikana mpaka akafa. Mchungaji alihubiri dhidi ya mambo hayo kila mwaka. Mama aliitikia amina, na alipopita kwa mhunzi alipita upande wa pili wa njia.

Niliporudi Meru, mama mmoja aliyepanga chumba kando ya changu aliniomba nimshonee binti yake gauni la shule. Alikuwa na cherehani ya mkono aliyorithi, na kitambaa alishanunua. Nilikata. Chaki ilinivunjikia, lakini nilikata, na gauni likakaa. Lilikaa bega, likakaa kiuno. Nilikosea jambo moja. Gauni lile lina mfuko mmoja wa ubavuni, na mimi siku zote nililitazama limelala mezani mbele yangu nikibandika vifungo, mfuko ukiwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Basi nikauweka kushoto. Nilisahau kwamba ninalishona likiwa limegeuzwa nje ndani. Nilipoligeuza, mfuko ukahamia upande wa pili, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nikajiambia mtoto ana mikono miwili.

Wiki mbili baadaye mama yule aliingia dukani kwa Fundi kununua sweta, na mtoto wake amevaa gauni. Niliwaona wakiingia nikainamia tundu langu. Fundi alimzunguka mtoto polepole. Akashika bega, akavuta mshono, akapima kola kwa vidole. Kisha akaona mfuko.

"Hii ni kata yangu," akasema. "Lakini mfuko imekaa kwa mkono ya kushoto. Nani alishona?"

Mama yule, bila hila yoyote, akanielekezea kidevu. "Si ni huyu wako."

Akawauzia sweta. Alipowasindikiza mlangoni alirudi akasimama mbele yangu. Vyerehani vilikuwa kimya. Mkewe alikuwa ameshika birika, maana ilikuwa saa kumi.

"Nani alikufundisha?"

Ningeweza kusema nilijifunza kwetu. Ningeweza kusema nilijifundisha, na huo ndio ungekuwa ukweli. Lakini nilijisikia nikisema, "Ni wewe, mzee." Nikamweleza vipande, magazeti, uzi. Nilipokuwa nikieleza niliona anafurahi, kisha nikaona anaacha kufurahi.

"Kumbe," akasema. "Basi ada yangu iko wapi?"

Alisema akicheka, au bila kucheka. Nimeirudia saa ile mara nyingi mno mpaka uso wake umenifutika. Kilichobaki ni maneno. Alisema, "Yunifomu za shule za hapa Meru ni zangu. Zote. Nenda ufungue kwako ukitaka, shona kila kitu, lakini hizo usiguse mpaka mimi nikwambie." Kisha akachukua mkasi, akaugonga mezani mara moja.

Pale ndipo nilipoisha. Labda yeye alikuwa anatuambia turudi kazini. Labda alikuwa ananyoosha msumari unaoshikanisha mkasi. Mimi nilisikia nyundo na fuawe. Mtoto wa mtu wa Meru mjini angecheka akaomba nyongeza ya mshahara. Mimi, mtoto wa Ishiara, niliyemtukana mpiga mishale miaka miwili mfululizo, niliinamisha kichwa nikasema, "Sawa, mzee." Hata nilisema asante.

Mwezi uliofuata niliondoka nikajitafutia kibanda Gakoromone, karibu na wauza viazi. Nilishona mapazia. Nilishona vitambaa vya makochi, magauni ya akina mama wa vikundi vya kanisa, mashuka, mifuko ya kubebea mahindi. Nilifupisha suruali za mitumba na kuziba mashati ya mitumba, nikiwahudumia walewale walioua kazi yangu. Kila Januari nilikaa nikitazama akina mama wakipita na watoto wao na vitambaa vya cheki mikononi, wakitafuta fundi, wakiniuliza, nami nikiwaelekeza juu Makutano, ambako mwenyewe sikukanyaga tena. Januari tatu. Najua kila gauni lililopita mbele yangu mahali lilipokatwa vibaya. Nilikuwa naweza, na nilikaa kitako.

Nilijaribu kujitetea kwa kuibadilisha hadithi, kwa sababu siku zisizo na wateja ni ndefu. Nilimfanya mpiga mishale ampe mwalimu kidole cha sanamu, cha udongo, amwambie chukua, huyu ndiye mwalimu wangu, na hiki ni chake. Nilikipenda kisa hicho, nikawasimulia wauza viazi, nao walipiga makofi. Siku nyingine nilimfanya aombe akamuage mama yake kwanza, na asirudi. Siku nyingine nilimleta yule malkia wa kamari asimame kando yake aulize swali lake: alikufundisha kwanza au alikufukuza kwanza? Zote zilikuwa hadithi nzuri kuliko ile ya Fundi. Nilipomaliza kusimulia niliketi tena nikafupisha suruali.

Halafu mwaka wa nne, siku ya soko, mwalimu mkuu mmoja wa huko Kaaga alisimama mbele ya kibanda changu. Alikuwa ameona magauni niliyowashonea akina mama wa kanisani kwake. Aliyagusa mabega, akageuza pindo, kama mtu anayejua. Akaniambia ana watoto wapya sabini na anataka fundi wa kuaminika, si wa msimu mmoja.

Sabini.

"Mwalimu, hizo sishoni," nikasema.

"Hushoni, ama hujui?"

Ningemwambia nini? Kwamba Mhindi alinigongea mkasi? Nikasema, "Sijui."

Alinitazama, akatazama magauni, akanitazama tena. "Pole," akasema. "Basi nitatafuta mtu. Nilikuwa sitaki kurudi kwa yule Mhindi. Tangu aache kushona, zake zinatoka Nairobi zimeshashonwa, ndani ya karatasi, na mikono haiko sawa."

"Ameacha kushona?"

"Ni miaka miwili sasa. Wewe unakaa wapi?"

Nilifunga kibanda mchana kweupe. Nilipanda Makutano nikizungumza peke yangu na sikujali nani anasikia. Dukani sikuona vyerehani. Meza ya kukatia ilikuwa imejaa sweta ndani ya nailoni, marundo kwa marundo, na Fundi ameketi nyuma yake, amezeeka, miwani imemshuka puani. Alifurahi kuniona. Alimwita mkewe, akaniletea kiti, akaniuliza habari za mbuzi. Nilikataa kukaa.

"Mzee, nimekuja uniachilie ile ahadi."

"Ahadi gani?"

Nilidhani ananitania. Nilimwambia: ya yunifomu. Ile ada. Siku ya gauni la mfuko wa kushoto. Alikunja uso akitafuta, akatafuta kwa dhati, niliona anatafuta. Mfuko aliukumbuka, akacheka kidogo. Mengine hayakuwepo.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema," mkewe akasema kutoka mlango wa nyuma. "Nilikuwa hapa na birika. Nilikuwa nangoja akatae."

Fundi akanigeukia. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo nisilomsamehe mpaka leo. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyeshuka stendi siyo.

"Mwari," akasema, "na wewe umekaa miaka hii yote hushoni?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, kwa dhihaka yake, hata kwa kile kidole gumba chake. Kwa swali hilo sikuwa nimejitayarisha. Nilimwambia aseme kwa kinywa chake kwamba ameniachilia. Akasema, haraka haraka, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, "Nimekuachilia, nimekuachilia, shona mama, shona." Akaagiza chai. Sikuinywa. Nilitoka nikashuka mpaka Kaaga kwa miguu, nikamkuta mwalimu mkuu anafunga ofisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mchana huohuo, alipotoka kwangu, amempa kazi fundi mwingine wa Gakoromone. Namjua fundi huyo. Mabega anayoshona hupanda.

Nimeshona sare nyingi tangu siku hiyo, na nimefundisha watu kukata wakiwa wamesimama upande wangu wa meza. Hiyo haijaniondolea kitu. Wakiniomba hadithi nawapa ya mpiga mishale, lakini sikomi tena pale kidole kinapoanguka. Naongeza miaka. Mwalimu amezeeka, vita vimekwisha, wanafunzi wake wameuana, naye anapita msituni na fimbo yake. Anamkuta mtu kando ya njia akiokota kuni kwa vidole vinne. Anasimama, kwa sababu ni mtu mwema, anainama, anamwuliza, "Kijana, mkono wako ulipatwa na nini?"

Wananiuliza alijibu nini. Nawaambia ngojeni, natafuta. Ni miaka mingi sasa, na kila nikifika hapo mpiga mishale wangu anamtazama mzee yule machoni, anafungua mdomo, na mimi sina neno la kumpa.